Shafti Iliyokunywa Mafuta

Jumatatu, 2 Machi 1964. Kisumu

Mimi Wepukhulu, fundi wa chuma, leo nimeanza kuandika habari zangu. Kageha, mke wangu, ameuliza nani atazisoma. Nimemwambia wajukuu. Amesema wajukuu hawajazaliwa na tayari nimeanza kuwadanganya.

Nilifika darasa la nne tu, lakini kutoka hapa mpaka Jinja hakuna mkono kama huu. Kazi yangu ni kupulizia chuma. Ukiniletea shafti iliyolika, naifunga kwenye mashine ya kukereza, naikwaruza mpaka iwe na meno, halafu nachukua bunduki yangu. Hii bunduki inakula waya. Waya unaingia kwa nyuma, moto wa gesi unauyeyusha mbele, upepo unautawanya, na chuma kipya kinatua juu ya kile cha zamani kama unga kwenye ungo. Watu wakiona cheche wanakimbia. Mimi nasimama hapo nikiimba. Niliwahi kumpulizia mamba jino, na akaenda zake akitafuna vizuri. Hiyo nitaiandika siku yake.

Mvua bado. Ziwa halijashuka tangu yale mafuriko ya miaka iliyopita.

Alhamisi, 5 Machi

Dishon ameleta shafti ya mashua, imebebwa na wanaume kama maiti. Dishon ameoa Maximilla, binti ya dada yangu, kwa hiyo kwao mimi ni khocha, ndugu wa mama. Mashua si yake, ni ya Mzee Gordon. Inaitwa Nyar Nam, yaani binti wa ziwa, inachukua watu na mizigo kutoka hapa mpaka Kendu. Dishon ndiye wa injini. Maximilla anapanda kila siku ya soko na ndizi zake, anarudi na samaki wa kukaushwa. Nyumba yao yote inaelea juu ya hiyo mashua.

Shafti imelika pale inapotoboa tako la mashua kwenda nje kwenye panga linalosukuma maji. Hapo ndipo inapozungushiwa kamba ya grisi ili maji yasiingie. Mzee Gordon alikuja mwenyewe na saa yake ya mnyororo. Nikamwambia, "Mzee, shafti hii itazika mashua, itakuzika na wewe, na mimi nitakula kwenye matanga yote mawili." Alicheka mpaka akakohoa.

Niliipulizia ikatoka safi. Sasa wajukuu, sikieni. Chuma kilichopuliziwa kina vitundu vingi kama mkate. Ndiyo maana kabla hakijapoa tunakipaka dawa ya kuziba, ile ya rangi ya kahawia inayonuka kama vanishi. Inaingia kwenye vitundu, inakaukia humo, maji yanakosa mlango. Bila hiyo dawa maji yanapita chini, kutu inaota huko, na chuma kipya kinainuka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Nilienda stoo kuchukua dawa. Niliporudi, shafti ilikuwa imezungukwa na akina mama wa kanisa la Maximilla, wale wa kanzu nyeupe. Kwao kitu cha kulisha nyumba hakianzi kazi bila kupakwa mafuta. Wamepaka baiskeli, wamepaka cherehani, wamepaka jembe la ng'ombe. Laban, mkubwa wetu pale karakanani, alikuwa ameenda posta. Ningesema ngojeni. Lakini walikuwa wameanza kuniombea mimi, wakitaja jina langu, kwamba mkono wa Wepukhulu ubarikiwe. Nani anakatiza maombi yanayomtaja yeye?

Maximilla akamimina mafuta ya chupa na kusugua kwa kiganja. Shafti bado ina joto. Mafuta hayakuteleza kwenda chini. Yaliingia. Shafti iliyanywa kama ng'ombe aliyetoka mbali.

"Imepokea," Maximilla akasema, machozi yanamtoka.

"Imepokea," wakaitikia wote.

Nilipopaka dawa yangu ilisimama juu, matone matone, kama umande kwenye jani la nduma. Nikafuta. Nikapasha moto, nikapaka tena. Ikashika kidogo hapa, pale ikakataa. Mzee Gordon akatoa saa yake. Nikakereza, nikang'arisha mpaka akaona meno yake ndani. Wakaondoka nayo.

Ijumaa, 6 Machi

Nimemwambia Laban yote. Laban ni mtu wa uso mgumu, haongei ovyo. Akaniuliza, "Ilikunywa kiasi gani?" Nikasema ilikunywa kama kisima. Akasema, "Na wewe, kila kitu kwako ni kisima." Halafu akafikiri. "Pulizia vipande viwili vya bomba. Kimoja ukizibe vizuri. Kingine ukipake mafuta kwanza kama wao. Viweke kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Ndoo haijui kusimulia."

Jumapili, 8 Machi

Ndoo nimeiweka nyumbani chini ya paa. Kageha anataka ndoo yake.

Jumamosi, 14 Machi

Ndoo: hakuna kitu. Vipande vyote viwili vinang'aa. Nimejicheka. Kumbe hata mkono wangu ukikosea unapatia.

Jumapili, 29 Machi. Pasaka

Mvua imeanza wakati wa ibada, kwa nguvu, mhubiri hakusikika. Dishon na Maximilla wamekula kwetu. Dishon anasema shafti inazunguka kama siagi. Nikawasimulia jinsi nilivyoogelea kutoka Asembo mpaka Uyoma wakati wa ujana. Ukweli ni kwamba maji yakipita goti langu nasimama. Maximilla anajua, lakini hanisemi mbele ya watu. Mtoto huyu nampenda sana.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Ndoo: hakuna kitu.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Kuna njia ya kwenda gatini ambayo mwaka jana nilipita na viatu. Leo samaki anapita hapo.

Ijumaa, 17 Aprili

Ndoo: maji yana rangi kidogo. Kageha anasema ni vumbi la paa. Inawezekana ni vumbi la paa.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimemwaga yale maji, nimeweka mengine, nimefunika na sufuria ili vumbi lisiingie.

Alhamisi, 23 Aprili

Maji yamekuwa kama chai ya rangi.

Sikumwambia mtu. Nilienda gatini nikamngoja Dishon. Nikamuuliza, pale kwenye kamba ya grisi, maji yanaingia? Akasema, "Yanadondoka kidogo, Mzee. Lazima yadondoke, ndiyo yanapoza." Nikauliza ni rangi gani. Akaniangalia. "Rangi ya maji."

Jumatatu, 27 Aprili

Mto Nyando umevunja kingo. Ahero ni ziwa. Hata Nyamasaria watu wametoa magodoro nje. Basi za Sondu haziendi, na anayetaka Pap Onditi anaambiwa akae kwao. Watu wote wa upande ule sasa wanakuja gatini. Nimeona Nyar Nam ikiondoka, watu wamejaa mpaka juu ya magunia, na tako lake limezama kuliko siku zote. Pale pale penye shafti yangu.

Sikula chakula cha jioni. Kageha akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema tumbo.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Ndoo: chai nzito.

Jumatano, 6 Mei

Mvua. Siku hizi nikisikia honi ya mashua ikirudi, naweka bunduki chini mpaka nihakikishe sauti ya injini ni ile ile. Laban ananiona. Hasemi. Zamani nilidhani ananidharau. Sasa naona naye husimama.

Jumamosi, 9 Mei

Nimetoa vipande kwenye ndoo. Kile kilichozibwa vizuri ni kizima, unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Kile cha mafuta nacho kinang'aa, nikafurahi. Halafu nikakigonga na nyundo ndogo. Kile kizuri kililia ti, ti. Hiki kikasema bu. Sauti ya mtungi ulio na ufa. Nikagonga tena na ganda lote likaanguka chini, zima, kama ganda la yai lililochemshwa. Ndani ni kutu tupu, laini, nyekundu.

Kinachonitisha ni kule kung'aa. Ukikiangalia tu huwezi kujua.

Jumapili, 10 Mei

Nimebeba ndoo mpaka kwa Maximilla. Nimempata akichambua mboga. Nikamweleza pole pole, bila kuongeza kitu, na hiyo kwangu ni kazi ngumu kuliko kupulizia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Khocha, unataka kusema nini? Kwamba mkono wangu umelaani shafti?"

"Sisemi umelaani. Nasema mafuta yaliingia mahali pa dawa."

"Tuliombea mkono wako pia. Huo nao umeharibika?"

Nikaangalia ndoo. Akasema, "Wewe ulinifundisha kuhesabu nikiwa mtoto kwa hadithi ya fisi tisa uliowafunga kamba moja. Mpaka leo najua walikuwa wanne. Walikuwa wanne?"

"Walikuwa wawili," nikasema.

"Unaona." Akarudi kwa mboga zake. Nilipofika mlangoni akaongeza, sasa bila hasira, "Barabara imefungwa, khocha. Mashua ikilala, sisi tutakula nini?"

Jumatatu, 11 Mei

Gatini, mbele ya abiria, nimemwambia Mzee Gordon aipandishe mashua nchi kavu, nitaipulizia upya kwa jasho langu. Nikamwonyesha ganda lililoanguka.

"Hiki ni cha mashua yangu?"

"Hapana Mzee, ni cha ndoo."

"Basi kapandishe ndoo yako nchi kavu."

Watu wakacheka. Mmoja wa wabeba mizigo akasema, "Omera, ndugu yangu, huyu ndiye alimtengeneza mamba jino. Mamba amekuja kulalamika." Wakacheka zaidi, na mimi mwenyewe mdomo ulitaka kucheka, kwa sababu ile hadithi ni yangu na nimeisimulia hapo hapo gatini mara nyingi. Mzee Gordon akanishika bega, si kwa ubaya. Akasema, "Wepukhulu, ulisema itanizika. Mimi bado nipo."

Laban amesema tungoje Dishon apumzike mwisho wa mwezi, tutatoa shafti kwa siri. Mwisho wa mwezi ni mbali.

Jumanne, 12 Mei

Mvua na upepo. Kesho ni siku ya soko Kendu. Maximilla anapanda. Nimetoa kamba ya grisi karakanani na spana mbili, nimeweka kwenye mfuko. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 15 Mei

Jana sikuweza kushika kalamu. Nitaandika ilivyokuwa, na wajukuu mkiona sehemu haina utamu, ni kwa sababu haikuwa na utamu.

Jumatano asubuhi nilienda gatini na mfuko wangu, nikapanda. Maximilla aliniona nikishika ukingo kwa mikono miwili, akajua. Akasogeza kikapu chake, nikapita mpaka nyuma, chini kwenye injini, nikakaa pale shafti inapotoka. Dishon akauliza, "Mzee, leo unaenda wapi?" Nikamwambia naenda kukaa hapa.

Mzee Gordon alikuwa mbele, anakusanya nauli. Watu walijaa, na mbuzi, na mwanamke mzee amebeba sahani mpya za bati kwa harusi ya mjukuu wake.

Tulipotoka kwenye gati ziwa lilikuwa limetulia. Niliweka kiganja chini ya ile nati kubwa inayobana kamba. Matone yalianguka mkononi mwangu, baridi, meupe. Nikaanza kufikiri pengine mimi ni mjinga tu mwenye ndoo. Nilitamani sana kuwa mjinga.

Mvua ilitoka upande wa Mlima Homa, tuliiona ikija kama ukuta. Mawimbi yakaanza kuinua tako la mashua, na kila panga likitoka majini injini inapiga kelele na shafti nzima inatetemeka. Nikaangalia kiganja. Maji yalikuwa rangi ya chai.

Nikamwonyesha Dishon. Akainamisha taa. Wakati huo huo kitu kikatoka pamoja na maji, chembamba, kimejikunja kama ukucha, kinang'aa. Kikakwama kwenye kidole changu. Halafu kingine.

"Hii ni nini, Mzee?"

"Ni kazi yangu," nikasema. "Zima injini. Ikiendelea kuzunguka itakata kamba yote."

Dishon alizima. Hakuniuliza mara ya pili. Lakini kamba ilikuwa tayari imechanika, maji yakaingia kama bomba lililofunguliwa. Juu nikasikia sauti ya Mzee Gordon, "Nani amezima? Dishon, nani amezima?" Mashua ikageuka ubavu. Mbuzi wakalia, na watu nao.

Nilitoa kamba mpya kwenye mfuko. Dishon alifungua nati. Kazi hii nimeifanya maisha yangu yote, huzungusha kamba, husukuma, hubana. Mikono yangu ilikataa. Kamba ikaanguka majini, nikaiokota, ikaanguka tena. Maji yalikuwa yamefika gotini na mimi nikasimama, kama kawaida yangu, nikabaki nimesimama.

Maximilla alishuka. Akachukua ile kamba mkononi mwangu, akapiga magoti ndani ya maji. "Nionyeshe inapita wapi."

Nikamwambia. Izungushe, kata, nyingine usianzie pale pale, anzia upande wa pili. Akaisukuma kwa vidole vyake, duru baada ya duru, kama anavyosuka nywele za mtoto anayelia, na maganda ya chuma changu yakimchana. Maji yalibadilika rangi na safari hii haikuwa kutu. Dishon akabana nati. Yale maji ya bomba yakawa ya uzi.

Huko juu watu waliyachota na kuyamwaga kwa sahani za harusi. Upepo ulitusukuma tusikotaka. Yule mwanamke mzee alikaa karibu nami, akasema, "Wewe ni Wepukhulu. Tuambie basi ile ya mamba, hawa watoto wanyamaze."

Nilifungua mdomo. Sauti haikuwepo. Akanishika mkono, akaanza kuisimulia yeye, na mamba wake alikuwa mkubwa kuliko wangu.

Tulitupwa kwenye kisiwa cha mafunjo yanayoelea upande wa Nyakach, yakatushika. Watu wa pwani walikuja na mitumbwi. Hakuna aliyekufa. Mzee Gordon alishuka wa mwisho, ameshika viatu vyake mkononi, saa imesimama.

Jumatatu, 18 Mei

Mjini wanasema niliziba shimo kwa mwili wangu. Wanasema nilipiga mbizi. Kila nikipita mtu ananiita nikae, nisimulie. Nawaambia aliyeziba ni Maximilla. Wanacheka, wanasema Wepukhulu siku hizi amejifunza unyenyekevu, na huo nao ni uongo mwingine mzuri.

Alhamisi, 4 Juni

Nyar Nam ilivutwa mpaka hapa. Shafti tumeitoa. Sehemu iliyobaki ilikuwa inang'aa. Laban akaigonga, ikasema bu, na Maximilla, mikono yake bado ina vitambaa, akageuza uso.

Jumanne, 9 Juni

Nimepulizia upya. Laban alisimama mlangoni na tindo mkononi, hakuna kuingia, hata mhubiri. Dawa niliipaka ya moto, ikanywewa yote, ikakauka. Nikagonga kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ti, ti, ti.

Nje walikuwa wamesimama akina mama wa kanzu nyeupe, hawaimbi. Maximilla akasogea na chupa yake. Akauliza, "Khocha, sisi tupake wapi?"

Hiyo sauti yake iliniuma. Nikamwambia, "Pakeni mbao. Mashua nzima, ndani na nje. Mbao inapenda mafuta."

Walimaliza chupa nzima.

Ijumaa, 12 Juni

Mvua imepungua lakini maji hayajashuka. Nyar Nam imerudi kazini leo. Dishon alinyoosha mkono nipande, watu wa gatini wakapiga makofi, Mzee Gordon akasema nauli yangu ni bure mpaka kufa. Nikasema nina kazi nyingi. Maximilla alikaa nyuma, chini, pale nilipokaa mimi, kiganja kimefunguka chini ya nati.

Nilisimama nikisikiliza injini. Shafti ni nzima, najua, nimeigonga mwenyewe. Sauti ikawa ndogo, ikawa kama nyuki, halafu sikuisikia tena. Hapo mtu hujiambia ni umbali tu. Watu waliondoka wote gatini na mimi nilibaki, nimetega sikio, nikingoja irudi.